Kilometa Elfu Saba kwa Masaa Matatu

Kaka yangu aliwahi kumaliza kilometa elfu saba kwa masaa matatu. Msicheke, nilimpokea mwenyewe.

Miaka minne alikuwa "majuu". Na tangu miguu ya baba igome, ni mimi peke yangu namwogesha, namgeuza, nambeba. Nikimpigia kaka aje anisaidie, jibu lake ni lile lile:

"Mdogo wangu, huku ni mbali. Kilometa elfu saba, masaa tisa angani! Unadhani ni kuvuka barabara?"

Nilikuwa namkatia simu kwa hasira.

Halafu baba akazidiwa. Daktari akasema apasuliwe haraka, la sivyo tutampoteza. Mzee akakaza shingo.

"Siguswi na kisu mpaka nimwone mwanangu."

Nikampigia kaka. Salamu sikutoa.

"Baba akifa kwa kukusubiri wewe, usikanyage msibani."

Kesho yake, saa nane mchana, akapiga. "Ndiyo naingia ndegeni."

Nikajua atafika usiku mnene. Saa kumi na moja jioni, nambadilishia baba shuka, nikasikia mlango wa wodi.

Kaka huyo! Koti zito la baridi, jasho linamtiririka, begi jipya mkononi.

"Safari imenichosha," akasema.

"Safari gani? Si umepanda ndege saa nane? Yale masaa tisa yako umeyaacha wapi?"

Akanionyesha simu yake, anajiamini kabisa. "Soma ratiba. Inaondoka saa nane, inafika kumi na moja."

"Saa nane ya kule, we mjinga! Kumi na moja ya huku! Kule jua linatutangulia masaa sita! Uliponipigia, ndege hiyo ilikuwa angani tangu asubuhi yetu! Hujapanda ndege maishani mwako!"

Kaka akainamisha kichwa.

Kumbe mipango ya safari ilikwama wiki ile ile tuliyomuaga. Akaona aibu kurudi. Miaka yote hiyo yuko nyuma ya stendi, hapa hapa mjini, anauza viatu vya mitumba.

Nikamgeukia baba. Leo atamlaani huyu, nikajisemea.

Mzee anatabasamu!

"Kabla miguu haijagoma nilimwona pale nyuma ya stendi, anauza viatu. Nikageuza njia nisimwaibishe. Nilitaka arudi mwenyewe."

"Na mimi, baba? Unaniona mgongo unakatika kila siku, ukanyamaza?"

Alikuwa ameshika mkono wa kaka.

Upasuaji ulienda vizuri, baba yupo. Siku hizi zamu ya kumwogesha asubuhi ni ya kaka. Kutoka kwake hadi kwetu ni nusu saa kwa basi. Akichelewa namuuliza kama ndege imezunguka angani, na sicheki.

Nilichojifunza? Aliye mbali husamehewa hata kabla hajaomba. Wewe uliye karibu, sema umechoka, tena sema kwa sauti. Hakuna atakayekuuliza.