Nguzo za Jirani

Fundi amewasha kipimo cha leza, na mstari mwekundu umepita juu ya nguzo za uzio wangu. Harufu ya mikaratusi mibichi imenirudishia hasira ya utotoni, hapa hapa Kigali.

Baba alikuwa gerezani, na jirani akasogeza uzio wake wa nguzo za mikaratusi hadi karibu na jiko letu. Mama alifunga kamba kwenye jiwe la mpaka, nami nikaivuta ikanyooka hadi jiwe la pili.

"Mama watoto, bwana yako iko wapi aje kuamua?" jirani aliuliza akicheka.

"Mpaka iko hapa," Mama alijibu, akaanza kung'oa nguzo.

Jirani aliacha kucheka tulipofika ya nne. Ya mwisho niliing'oa mimi, nikaiburuta hadi mlangoni kwake, mbele ya binti zake niliozoea kucheza nao.