Bibi Macho Alipoanza Kuongea

Ipo siku moja ambayo hadi leo sijaisahau, mwanangu. Nilikuwa sokoni Khunyangu, nimesimama kando ya gari la sinema, kipaza sauti mkononi, na mbele yangu watu wa soko zima wamenyamaza. Hawakunyamaza kwa kupendezwa. Walikuwa wananihurumia. Najua utauliza msichana wa kijijini Adungosi alifikaje pale, kwa hiyo ngoja nikueleze polepole, maana bila kuujua mwanzo wake nasaha hii haitakufaa.

Miaka ile ya sabini nilikaa Malaba kwa shangazi yangu. Alikuwa na hoteli ndogo ya chai na chapati, karibu na mahali malori yanapongojea kuvuka kwenda Uganda. Lori likikwama forodhani, dereva na taniboi wake, yaani utingo, walikula kwetu hadi karatasi zao zitoke. Mimi niliwapelekea chakula, na nilikuwa na kipaji kimoja ambacho sikukihesabu kuwa kitu: niliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Dereva wa Mombasa akiagiza chai kwa madaha, nilifika jikoni nikamrudia shangazi agizo lile pamoja na madaha yake yote. Taniboi akilalamika kwamba chapati imekuwa nyembamba hata anaona mwenzake ng'ambo ya pili, nililalamika vilevile. Shangazi alicheka hadi chapati zikaungua, kisha akanigombeza mimi kwa kuziunguza.

Mteja mmoja aliyesikia vituko hivyo kupitia dirisha la jikoni alikuwa Mzee Wandera wa Burumba, kule Busia mjini. Mzee huyu alizunguka na gari la sinema la kampuni moja ya sabuni. Mchana gari lilitangaza sabuni sokoni, na giza likiingia walitandaza kitambaa cheupe na kuonyesha filamu bure. Kampuni ilinunua filamu za zamani kwa sababu hazikuwa ghali, na nyingi zilikuwa filamu bubu, za wakati ambapo sinema haikuwa imejua kutoa sauti. Midomo inacheza, lakini husikii neno. Maelezo machache yaliandikwa kwa Kiingereza na kupita upesi. Basi kazi ya Mzee Wandera ilikuwa kusimama na kipaza sauti na kuwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili: bwana, bibi, mtoto, hata farasi.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya nyota mmoja wa Hollywood, kule Marekani. Jina lake la kizungu halikukaa katika ndimi zetu, kwa hiyo watu wa mpakani walimwita Bibi Macho. Macho yake yalijaza kitambaa kizima. Aliingia chumbani na gauni linalometameta kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi, na watu wakavuta pumzi. Kisha alifungua mdomo, ikatoka sauti ya Mzee Wandera, nzito na iliyokwaruzwa na sigara. Mahali pa kulia watu waliangua kicheko.

Meneja wa kampuni, aliyekaa Kisumu, alipata habari hizo akasema atamleta msichana kutoka Nairobi awasemee wanawake. Mzee Wandera alimwomba kwanza amjaribu mtu wa hapa. Meneja alikubali, akasema atakuja Malaba kusikiliza mwenyewe, na asiporidhika ataleta wa Nairobi. Mtu huyo wa hapa nilikuwa mimi. Shangazi alimhoji mzee wa watu kuhusu mke wake, kanisa lake na dereva wake, ndipo akaniruhusu, kwa sharti kwamba gari lililonichukua ndilo litakalonirudisha mlangoni.

Niliitaka kazi ile, mwanangu, kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Pale hotelini nilikuwa naitwa "wewe wa chai". Nilitaka siku moja niitwe kwa jina langu.

Sasa turudi Khunyangu, ambako nilipewa kipaza sauti kwa mara ya kwanza kabla ya siku ya meneja. Nilikuwa nimejishauri kwamba mwanamke mzuri namna ile, mwenye gauni lile, hawezi kuongea kama msichana wa chai aliyekulia Adungosi. Kiswahili changu kilikuwa na Kiteso ndani yake, na sauti yangu ilikuwa nene kidogo. Nikachukua sauti ya mtangazaji wa redio. Bibi Macho alipomkimbilia mchumba wake, mimi nikasema kwa utaratibu kabisa, "Ewe mpenzi, nimefurahi kwamba umewasili salama."

Watu wakanyamaza, nami nikaendelea, kila neno limepigwa pasi. Mwishowe mama mmoja aliyeketi mbele na kikapu chake akasema kwa upole, "Dada, ukimaliza hapo utusomee na matangazo ya vifo."

Soko zima lilicheka. Nilimrudishia Mzee Wandera kipaza sauti, nikaingia garini na kukaa nyuma ya maboksi ya sabuni mpaka tulipofika nyumbani.

Asubuhi nilipanda gari la Busia, nikaenda Burumba kumwambia Mzee Wandera kwamba narudi kwenye chai yangu. Nilimkuta barazani akisafisha filamu kwa kitambaa laini. Hakuniuliza nimekuja kwa nini. Alinipa kitambaa kingine, akaniambia nishike upande wa pili.

"Amoit," akasema tukiendelea kufuta, "jana ulikuwa unaongelesha nani?"

"Watu wa soko, mzee."

"Hapana. Ulikuwa unaongelesha redio. Watu wa soko walikuwa wanasikia tu mkiongea."

Kisha akanisimulia maisha ya Bibi Macho. Katika ujana wake Mzee Wandera aliwahi kufagia jumba la sinema Kampala, na mwenye jumba alimpa magazeti ya sinema aliyokwisha kuyasoma. Aliniambia mapema kwamba magazeti yale hupenda kutia chumvi, kwa hiyo nichukue nusu ya nitakayoyasikia, ingawa nusu hiyo ingenitosha.

Bibi Macho, alisema, hakuzaliwa na gauni. Baba yake alipakua mizigo bandarini, na mama yake aliwapigia watu nguo pasi. Yeye mwenyewe aliuza kofia dukani hadi mpiga picha mmoja alipoona uso wake. Kule Hollywood kampuni ya filamu ilimpenda, na kwa kuwa ilimpenda ikaanza kumbadilisha. Ilimpa jina jipya, ikamnyoa nyusi na kumchorea nyingine. Ikaandika magazetini kwamba ni binti wa ukoo wa kitajiri kutoka ng'ambo. Hata kucheka kwa mdomo wazi alikatazwa, eti binti wa namna hiyo hacheki hivyo. Alikubali yote. Akapata nyumba kubwa na gari jeupe, na watu waliosimama mvuani ili wamwone akishuka tu. Lakini mama yake alipokuja kumtembelea, kampuni iliwaambia waandishi kwamba ni mtumishi wa nyumba.

Hapo Mzee Wandera aliacha kufuta. "Hiyo ya mama yake," akasema, "mimi nilisoma mara mbili, nikidhani sijaelewa Kiingereza."

Halafu sinema zikajifunza kuongea. Kampuni ikaogopa kwamba watu watasikia lafudhi ya bandarini, ikamletea mwalimu amfundishe kusema kama binti wa kitajiri. Filamu yake ya kwanza ya kuongea ilipotoka, katika mahali pa huzuni kuu, watu walicheka. Sauti ile haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba haikuwa na mtu ndani yake. Mkataba ukaisha na haukuandikwa tena. Nyumba ikauzwa, magazeti yakasema amekwisha.

Nikamuuliza kama huo ndio uliokuwa mwisho wake.

"Mwisho wa nini? Mtu bado kijana?" Mzee Wandera alionekana kukasirika kidogo, kana kwamba nimemsengenya jirani yake. Akaniambia kwamba Bibi Macho alirudi kwa mama yake, akauza kofia tena, na hakuona haya. Baadaye kikundi kidogo cha maigizo mtaani kwao kilimtafutia nafasi ya mwanamke muuza samaki. Akapanda jukwaani akaongea kama walivyoongea majirani zake, kwa kelele na mdomo wazi, na watu wakapenda. Sinema ikamwita tena. Hakuwa tena nyota wa gauni. Alikuwa jirani, mama mwenye nyumba, nesi mkali, kisha bibi wa watu, na alifanya kazi hiyo hadi nywele zikawa nyeupe. Mzee aliwahi kumwona katika filamu mojawapo ya hizo. Hakuelewa maneno mengi, alisema, lakini alicheka mpaka mwenye jumba akamwuliza kama atafagia ama hatafagia.

"Uso wake ulikuwa kazi nzuri, usidharau," akaongeza. "Angalia hapa." Akainua filamu kwenye mwanga, na katika zile picha ndogondogo nikamwona Bibi Macho akimtazama mtu mlangoni. "Hapa mimi husema maneno mengi, na nimekosea miaka yote. Pahali uso wake unatosha, wewe nyamaza. Pahali anataka mdomo, mpe mdomo wako. Si wa redio. Wako."

Siku ya meneja ilifika. Kitambaa kilitandazwa uwanjani Malaba, malori yakiwa yamepanga foleni barabarani na madereva wameketi juu ya mizigo yao. Meneja alikuja na suti, akaketi kwenye kiti cha hoteli yetu. Nikachukua kipaza sauti.

Katika filamu ile yule mchumba amekuwa mume wa Bibi Macho, kisha amemwacha bila neno, na sasa amerudi. Amesimama mlangoni, kofia mkononi. Bibi Macho anamtazama. Anamtazama kwa muda mrefu sana, na mimi nikanyamaza. Jenereta linanguruma. Hakuna neno. Meneja alidhani waya umekatika, akasimama na kumpungia mkono dereva wa gari la sinema aangalie. Kwa pembe ya jicho nilimwona, nikatamani kusema lolote ilimradi asikie. Lakini macho ya yule mwanamke yalikuwa hayajamaliza.

Nilimsikia Mzee Wandera akisema taratibu, "Kaa, bosi. Yuko kazini."

Ndipo midomo ya Bibi Macho ikasogea, nami nikasema kwa sauti yangu nene ya jikoni, "Umerudi? Chakula chako nilipea mbwa. Yeye hulala hapa kila siku."

Wanawake walipiga makofi na vigelegele. Kutoka juu ya lori moja dereva akasema, "Huyo ni bibi yangu kabisa," na taniboi wake akamjibu kwamba basi wasivuke, warudi nyumbani haraka. Filamu ilipofika mahali pa kulia nikanyamaza tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Shangazi yangu, mwanamke asiyelia hata kwa vitunguu, alijifuta kwa leso.

Meneja hakunisifu. Alimgeukia Mzee Wandera akamwuliza kama msichana huyu anaweza kuanza Jumamosi.

"Muulize mwenyewe," mzee akasema. "Anaitwa Amoit, na anajua kuongea."

Mwanangu, niliwasemea wanawake wa sinema kwa miaka kadhaa baada ya hapo, katika masoko mengi, na nilichojifunza ndicho hiki ninachokupa. Jifunze kwa wenzako kadiri uwezavyo. Kuiga si vibaya, mimi mwenyewe nilianzia huko. Lakini usiazime nafsi ya mtu mwingine kwa sababu umeambiwa yako haifai kuonekana. Watakaokupenda kwa nafsi ya kuazima watakuwa wanampenda asiyekuwepo. Usimfiche mama yako ili upate jina. Usijaze kila nafasi kwa maneno, mpe anayekutazama muda wa kukuona. Na kazi ikikushinda leo mbele za watu, usikubali neno la anayesema umekwisha. Rudi ulikotoka kwa muda kama ni lazima, fanya kazi iliyopo, na nafasi nyingine ikija, hata ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, iingie ukiwa mzima.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi inayokufaa na afya ya kuifanya, akupe na watu watakaofurahi wakisikia unakuja. Nenda sasa, ukaseme kwa sauti yako.