Kimya cha Kitufe cha Nukta

Katika duka la steshenari lililo mkabala na lango la chuo, kuna sauti moja isiyosikika tena. Ni sauti ya kidole kikibonyeza nukta, kutoka jina la sura mpaka namba ya ukurasa, mstari baada ya mstari, alasiri nzima. Mwenye duka anasema kimya hicho humshtua mpaka leo, kama nyumba iliyozimwa redio ghafla.

Mwenye kidole hicho walimwita Mama Nukta. Alipiga chapa tasnifu za watu kwa miaka kumi na tisa, naye mwenyewe aliishia darasa la saba. Orodha ya yaliyomo aliipanga kwa mkono, nukta kwa nukta, na hata ungeweka rula kwenye skrini usingeona namba iliyotoka nje ya mstari. Jina hilo alitembea nalo kifua mbele.

Kisha tasnifu ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mzima mwenye mvi, ikarudishwa mara mbili na maktaba ya chuo. Yaliyomo yalisema sura ya tatu iko ukurasa wa hamsini na nne, kumbe iko hamsini na sita. Kila mara msimamizi wa tasnifu hiyo alipoongeza aya, kurasa zilisogea, na nukta za Mama zikabaki zinaelekeza wageni kwa jirani. Siku ya mwisho ya kupokea tasnifu, msimamizi akaongeza aya tatu nyingine. Ilikuwa saa saba na nusu. Ingepita saa kumi, mwalimu angengoja mwaka mzima kuhitimu.

Mwenye duka alimshauri kwa upole kazi ipelekwe duka la pili, ambako kompyuta hujipangia yaliyomo yenyewe. Mama akaivuta kibodi karibu. Kosa lilikuwa lake, na alitaka kulirekebisha kwa mikono yake.

"Kama yao inaweza," akasema, "hii yangu nayo si pasi ya mkaa."

Juu ya skrini palikuwa na kisanduku kilichoandikwa Mitindo. Miaka yote alikipita akidhani ni cha watengeneza kadi za harusi. Mitindo kwake ilikuwa mambo ya nguo na nywele. Sasa akakifungua. Ndani akakuta Kichwa cha Kwanza, Kichwa cha Pili, Kichwa cha Tatu. Akaviangalia kwa muda. Vichwa vyake alikuwa akivikoza wino na kuvikuza kwa mkono, akijua kila mtu ataviona ni vichwa. Mtu, sawa. Kompyuta ilikuwa inangoja kuambiwa.

Akaiambia, kichwa kimoja kimoja, mwalimu akihema nyuma yake. Akafuta orodha yake ya zamani, nukta zote, kisha akabonyeza Yaliyomo. Orodha mpya ikashuka yenyewe, imenyooka, na chini ya Shukrani pameandikwa: Namshukuru mama mkwe wangu kwa kunivumilia hata nilipomkosea adabu.

Mwalimu akajishika kiuno. "Mama, umemwingiza mama mkwe kwenye yaliyomo."

"Uliyemkosea adabu ni wewe, si mimi," akajibu bila kugeuka.

Mkono ulikuwa umeteleza, aya nzima ikavaa mtindo wa kichwa. Akaivua, akasasisha orodha, mama mkwe akatoka. Akaingiza aya tatu za msimamizi, akasasisha tena, na namba zote zikahama mbele ya macho yake. Hata hivyo hakuziamini hivi hivi. Alifungua kila ukurasa, kidole kikifuata, vichwa arobaini na kimoja. Kila kimoja kilikuwa nyumbani kwake.

Tasnifu ilichapwa na kujalidiwa. Saa kumi kasorobo mwalimu akawa dirishani kwa mkutubi. Alirudi na karatasi yenye muhuri.

"Mkutubi ameuliza kazi hii imepigwa na nani. Nimemwambia Mama Nukta."

"Ungemwambia pia kwamba humo sikubonyeza nukta hata moja," akasema, na safari hii aligeuka ili aonekane anavyocheka.

Sasa Mama Nukta, aliyeitwa kazini na mkutubi huyo, yuko maktaba ya chuo, meza ya pili kutoka mlangoni, anakagua tasnifu kabla hazijapokelewa.