Ua Dogo la Changarawe Nyeupe

Kazini walimwita Mzee Makaratasi. Kwa miaka thelathini na minne alikausha mimea ya jangwani kati ya magazeti, akaishona kwenye karatasi ngumu na kuandika chini yake mahali ilipoota, udongo wake na rangi ya ua. Rangi ndiyo hupotea kwanza. Ua likishakauka, linabaki neno la aliyeliona bichi.

Neno hilo ndilo lililomponza. Mkuu mpya wa idara, daktari wa elimu ya mimea, mwanamke wa umri wa kitinda mimba wake, alirudi kutoka kwenye uwanda wa changarawe na ua dogo kuliko kifungo cha shati. Mzee alikuwa ameliandika "buluu hafifu" kwenye karatasi kumi na moja. Mkuu aliliona asubuhi likiwa wazi, na lilikuwa la rangi ya waridi. Mkuu akamwambia kwa upole kwamba huenda aliandika mambo ya kusikia bila kufika huko, na kwamba ikiwa ndivyo, makaratasi yake yote yatatolewa kabatini.

Nyumbani alipomsimulia, mkewe aliweka pasi chini. Yeye peke yake alijua kwamba mumewe hatofautishi rangi tangu azaliwe. Kila jioni aliporudi na maua kwenye kitambaa chenye maji, mke alimtajia rangi, naye akaandika. Lakini hili la uwandani hufumba saa sita mchana na kunyauka njiani. Mke hakuwahi kuliona likiwa wazi, na mume akakisia.

"Ukisema, tutachekwa hadi wajukuu," alimwambia. "Uliomba kazi ukilificha hilo."

"Mama watoto, sasa naitwa mwongo wa safari ambazo miguu yangu ilikwenda."

Mke alichukua pasi, akamnyooshea shati jeupe la kesho.

Kesho yake mzee alimwomba mkuu waende wote uwandani. Lile la mkuu lilikuwa la mwisho; maua yalikuwa yamekwisha. Mkuu alizunguka nusu saa, akarudi mikono mitupu. Mzee akapiga magoti, akagusa jani moja lenye manyoya, la rangi ya jivu, lililolala upande wa jiwe wenye kivuli cha asubuhi, umande unapodumu. Kisha la pili. Kufikia la nane, mkuu alikuwa anatazama alipoweka viatu vyake asije akayakanyaga.

"Unayaonaje, mzee?"

"Daktari, mimi rangi sizioni. Nyinyi mnatafuta rangi. Mimi natafuta umbo."

Akamweleza yote, hata habari za mkewe. Mkuu alikaa juu ya jiwe. Makaratasi yatabaki, alisema, ila zile "buluu" kumi na moja mzee azifute kwa mkono wake, na kwenye kila rangi iliyobaki liandikwe jina la aliyeitaja.

Jioni mke alipoambiwa, aliuliza ni karatasi ngapi zitakazoandikwa jina lake. Mia nne na kitu. Akatafuta miwani yake, akasema atakwenda mwenyewe Jumatatu kuzisoma moja moja kabla ya kuweka jina, na kwamba jina liandikwe lote, pamoja na la baba yake.