Siku Shangazi Alipoishiwa Sukari Kidodi

Shangazi alipofiwa na mumewe, mstaafu wa reli, usingizi ulimkimbia. Daktari akamwandikia vidonge vya sonona, kimoja kila siku. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale Kidodi, nikahamia kwake.

Safari moja alikwenda Malolo wiki mbili kuvuna vitunguu, vidonge akavisahau nyumbani. Aliporudi hakuniambia kitu. Asubuhi akavimeza vyote alivyoviruka, kwa mkupuo, kabla hata ya chai, eti daktari asije akamwona mzembe.

Nilimkuta ukumbini jasho linamtiririka, mikono ikitetemeka. Akaniinamishia kichwa.

“Shikamoo,” akasema.

Shangazi yangu! Mtu ambaye aliwahi kumnyima mgeni kiti kwa kutomwamkia! Nami kwa kuchanganyikiwa nikaitikia, “Marahaba.” Aibu ile sijaisahau.

Akatoka nje, akamwamkia mbuzi. Mbuzi akaendelea kutafuna.

“Huna adabu wewe!” akamfokea, kisha miguu ikamlegea akaketi chini.

Ndipo nilipoiona pakiti tupu mezani. Nilikimbilia barabarani nikipiga kelele. Biashara huria ilishaingia, malori ya watu binafsi yakipita na miwa kutwa nzima. Moja likasimama. Dereva akamnyanyua shangazi hadi ndani. Njiani shangazi alimwita dereva “bwana harusi”, halafu akanyamaza kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hospitalini niliwaonyesha ile pakiti, nao wakamtoboa kidole.

“Sukari imeshuka mno,” daktari akasema. “Dawa hii ikizidi inaweza kuishusha, na huyu hajala.”

Dereva alikuwa bado mlangoni. “Imeshuka? Daktari, nimemleta na lori zima la miwa!”

Nesi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika, huku akitayarisha dripu ya glukosi. Baada ya muda shangazi akafumbua macho. Walimlaza hadi kesho yake, wakiuangalia moyo.

Daktari alimuuliza kwa upole, “Mama, ulitaka kujidhuru?”

“Nijidhuru na vitunguu vingine bado viko shambani?” Kisha akalia. “Ila ile nyumba, daktari, imekuwa kimya mno.”

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Tangu siku hiyo vidonge nilivitunza mimi, nikimpa kimoja kila siku baada ya chakula, na jioni tulikaa tukipiga soga. Miezi michache baadaye alikuwa kando ya barabara na vitunguu vyake, akigombana na wateja kwa sauti iliyofika hadi darasani kwangu.