Kanda ya Ng'ombe wa Sayi

Luhaga alikuwa fundi redio, nami nilikuwa jirani yake wa ukuta mmoja sokoni Bariadi kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo asije mtu kuniambia namsingizia. Nilimsikia akikohoa na akigombana na nyaya. Jina langu Rehana, ila hapa sokoni wote wananiita mama Muzdalifa.

Zamani redio ilikuwa mali. Msimu wa pamba watu walitoka Sapiwi na redio zao zimefungwa kwenye khanga kama watoto wachanga, wakapanga foleni mbele ya kibanda chake. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, zikaja redio za Kichina, nyepesi, za rangi rangi. Ikiharibika unatupa, unanunua nyingine. Waliozileta Bariadi mmojawapo ni mimi, sitaficha. Kila niliyoiuza ilimnyima Luhaga kazi, na bado asubuhi aliniazima kiti chake nikichelewa kufungua duka. Hakuwahi kunisema. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi kuliko matusi.

Mwaka 1989 mzungu wa mradi wa visima aliondoka akamwachia kompyuta ndogo ya nyumbani. Ilikuwa kibodi tu, nyeusi, haina kioo chake. Unaichomeka kwenye televisheni. Michezo yake ilikaa kwenye kanda za kaseti, zile zile tulizosikilizia muziki. Unachomeka waya kutoka kwenye redio, unawasha kaseti, mashine inakaa dakika tano inaisoma, na ikipenda inakupa mchezo. Isipopenda inakuandikia kwamba imeshindwa, unarudisha kanda, unaanza upya.

Luhaga aliipenda kwa sababu ina nyaya. Binti yake Sayi, mtoto wake pekee, aliipenda kwa sababu inasikia amri. Alisoma kile kijitabu chake mpaka kikachanika mgongo, na mwaka 1995, akiwa kidato cha pili, alitunga mchezo wake mwenyewe. Ng'ombe kumi wanavuka mto Simiyu na mamba wanawangoja majini. Ukiwavusha wote, mashine inakuandikia maneno. Maneno gani, hakusema. Baba yake hakuwahi kufikisha zaidi ya saba.

"Vusha utaona, baba," Sayi alimwambia mbele yangu, huku akicheka na kumpokonya kibodi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku nne. Felisita, mama yake, alivifungia vitu vyake vyote kwenye sanduku la bati la shule, ile kaseti ikiwemo, na kompyuta ikafunikwa gunia. Ikapita miaka kumi na tatu.

Aliyelifukunyua lile sanduku ni Felisita mwenyewe. Mwaka 2009 alikuja kibandani akiwa ametoka shamba, miguu ina vumbi, akaweka kaseti mezani. Imeandikwa SAYI kwa mwandiko wa mtoto.

"Baba Sayi, nataka kuyasoma yale maneno," alisema. "Nimechoka kujiuliza."

"Nitakuletea mama, hata kabla ya palizi kwisha," Luhaga akajibu. Hakuhitaji hata kuvusha ng'ombe. Alinieleza kwamba mchezo ukishaingia, kuna amri moja ya kumwonyesha kila mstari alioandika Sayi, mpaka ule wa mwisho. Mchezo uingie tu.

Haukuingia. Aliwasha kaseti, kwenye televisheni likatokea jina, NGOMBE, kwa herufi kubwa, na mara moja baada yake mashine ikaandika kwamba imeshindwa. Akarudia. Jina, kisha imeshindwa. Lile jina ndilo lililomtia kichaa. Angekosa vyote angeweza kukata tamaa kama watu wengine, lakini jina lilikuwa linakuja, kila mara, kama mtu anayechungulia mlangoni na kurudi ndani.

Alibadilisha mkanda wa mpira wa redio. Alisafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti. Alikaza na kulegeza skrubu yake kwa bisibisi, unywele kwa unywele. Mwishowe akaamua kwamba sikio la kompyuta, pale inapopokelea sauti ya kaseti, ndilo limekufa kwa uzee, na akamfuata mdogo wangu Hilali, aliyekuwa amefungua duka la intaneti karibu na stendi.

Hilali akamtafutia. Kumbe huko duniani wapo wazee wazima wanaozipenda mashine hizo, wanaandikiana barua usiku na mchana. Mmoja wao, Mreno, aliposimuliwa habari za Sayi alituma kwa posta kidude cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Kinapokea kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ya simu, na mchezo uliowekwa humo unafunguka kufumba na kufumbua. Hakuna kaseti, hakuna kusubiri.

Nacho kikamtoa jasho. Siku ya kwanza kioo kikawa cheusi. Mreno akaandika: futa meno ya shaba kwa kifutio cha penseli, yana kutu. Akafuta, kikawaka, lakini hakikuiona kadi. Mreno akaandika: kadi ni kubwa mno kwa mashine hiyo, tafuteni ndogo, na muifomati kwa mtindo wa zamani. Hilali akazunguka mji mzima kutafuta kadi ndogo kipindi ambacho kila muuza simu anajisifia kubwa. Ilipopatikana, mashine ikazimika katikati, kwa sababu umeme wake ulikuwa hautoshi kulisha na kidude; Luhaga akaiundia chanzo kingine cha umeme kutoka kwenye moja ya redio zangu mbovu. Hapo michezo ya Mreno ikafunguka yote, mmoja baada ya mwingine, na sikumbuki kumwona Luhaga akitabasamu namna ile tangu msiba.

"Mashine nzima, mama Muzdalifa!" alinipigia kelele ukutani. "Sasa namhamishia Sayi kwenye kadi."

Wakachomeka redio kwenye kompyuta ya Hilali kwa waya, wakainakili kanda, wakaigeuza kuwa faili, wakaiweka kwenye kadi. Jina, NGOMBE. Kisha imeshindwa, pale pale. Wakaongeza sauti, wakapunguza. Wakafupisha jina la faili. Wiki tatu. Felisita alipita kila siku akirudi shamba, anasimama mlangoni na jembe lake, anauliza kwa macho tu, anaondoka. Mimi, kwa ulimi wangu huu, nilimwambia Luhaga kwamba anamtesa mwanamke wa watu kwa ajili ya mchezo wa kitoto. Aliendelea kuchomeka nyaya zake. Najuta mpaka leo.

Mwisho Mreno akaomba wamtumie sauti yenyewe ya kanda, kama ilivyo, aisikilize. Ilichukua mchana mzima kuituma, intaneti ya wakati ule ilikuwa inakwenda kwa magongo. Jibu lilikuja Jumatano. Hilali alilileta kwa miguu, limechapwa kwenye karatasi, akalisoma kibandani nikiwepo.

"Anasema sekunde chache za mwanzo ni za kompyuta," Hilali akasoma, sauti ikiwa inapungua. "Baada ya hapo hakuna programu. Anasema ni watu wanaimba. Anauliza ni akina nani, anasema wanaimba vizuri sana."

Muda wote huo hakuna aliyekuwa ameisikiliza ile kanda. Ukichomeka waya, spika ya redio inanyamaza. Sauti ilikwenda kwenye mashine tu. Luhaga alichomoa waya na kubonyeza. Tulisikia kelele ya kompyuta, kali, fupi. Kisha kwaya ya parokia, ule wimbo wa kuagia maiti.

Nilikumbuka nilipokuwa nimesimama siku ile ya mazishi ya Sayi. Shangazi mtu alikuwa mgonjwa Kiloleli, hakuweza kuja, na hapa kwetu aliyekosa mazishi hurekodiwa kwaya ili naye alie na wenzake. Luhaga alikuwa fundi. Nani mwingine angerekodi? Aliingia chumbani, akatoka na kaseti ya kwanza aliyoikuta, nayo lazima ilikuwa imesogea sekunde chache kutoka mwanzo. Baadaye katika purukushani kila mtu alidhani kanda ilishapelekwa Kiloleli, na shangazi naye akafa kabla ya arobaini. Hakuna aliyeiulizia.

Luhaga aliigeuza kaseti akatazama mgongo wake. Kaseti ina vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, redio inakataa kurekodi juu yake. Sayi alikuwa amevivunja vyote viwili. Alikuwa amelinda kazi yake, kijitabu kilimwelekeza. Lakini Bariadi nzima tulikuwa tunanunua kaseti kuukuu za miziki na kuziba matundu hayo tupate kurekodi yetu, na kitu cha kuzibia kimejaa barabarani, kinadondoka kwenye malori. Kwenye matundu ya kaseti ya Sayi kulikuwa na pamba, imeshindiliwa vizuri, kwa mkono wa fundi. Alikuwa ameishika wiki zote zile na hakuiona, kwa sababu kaseti zote za Bariadi ziko hivyo.

"Ni mimi," alisema. "Hata sikutazama. Nimeziba tu."

Kwaya ilikuwa inaendelea, na chini ya sauti zao mwanamke analia, anaita kwa Kisukuma, anaita jina. Ndipo nilipogeuka nikamwona Felisita mlangoni na jembe lake. Sijui alikuwa amefika saa ngapi.

"Huyo ni mimi," alisema.

Luhaga akanyoosha mkono kuzima. Felisita akamwambia aache. Akasikiliza mpaka wimbo ukaisha, akaweka jembe chini, akaketi kwenye kile kiti ambacho Luhaga alikuwa akiniazima.

"Na maneno ya mtoto yako wapi?"

"Yako chini ya haya," Luhaga akasema.

"Basi yafukue, baba Sayi. Si wewe fundi?"

Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anamwomba kweli, kwa sababu alishamwona akifufua redio zilizotumbukia mtoni, na hakuona hii ina tofauti gani. Luhaga hakumweleza kwamba kanda ikirekodiwa juu, ya chini hufutika kabisa. Alichukua sindano, akaanza kuichokoa ile pamba kwenye matundu, uzi kwa uzi, na kuiweka mezani, mpaka kaseti ikawa haiwezi tena kurekodiwa kitu kingine. Felisita alikuwa anamtazama mikono, anangoja, akidhani kazi imeanza.