Maneno Kumi na Mawili Nyuma ya Biblia

Mimi sikuingia kwenye mambo ya sarafu za kidijitali kwa kutafuta utajiri. Niliingia kumtafuta ndugu yangu. Nasema hivi mapema kwa sababu wenzangu ofisini bado wananitania kwamba nilipanda jukwaani kushindana na vijana wa kompyuta nikarudi mikono mitupu, nami nimechoka kueleza.

Tunaishi mtaa wa Mountain View, hapa Nairobi, kwenye ploti aliyotuachia baba. Ndugu yangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa na chumba cha nyuma, na kila alichopata alikigeuza kuwa sarafu hizo. Mtu akifungua akiba ya namna hiyo hupewa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, ya kawaida tu, yasiyohusiana. Hayo ndiyo ufunguo. Ukiyapoteza, hakuna meneja wa benki wa kumlilia. Hutakiwi kuyaweka kwenye simu wala kumwonyesha mtu, kwa hiyo yeye, na akili zake zote, aliyaandika kwa kalamu kwenye ukurasa mtupu wa mwisho wa Biblia ya mama. Alifikiri hapakuwa na mahali salama zaidi Nairobi nzima. Mama mwenyewe hakuambiwa.

Mama alijifunza Kiingereza jikoni kwa matajiri wa kule Kitisuru, na hukisoma vizuri kuliko anavyokizungumza. Jumapili moja baada ya ibada alifunua ukurasa ule akakuta ngazi, ndimu, mjomba, mbuzi, vyote vimepangwa kwa mstari ndani ya Neno la Mungu. Kwake hiyo ilikuwa kazi ya shetani. Aliwaita akina mama wawili wa kanisani, wakaomba, kisha akaung'oa ule ukurasa na kuutia kwenye jiko la makaa.

Ndugu yangu alipojua, alimwambia mama mambo ambayo sitayaandika hapa. Mama naye hakunyamaza. Kesho yake asubuhi kijana akatoka na begi moja, na namba yake ya simu haijapatikana tangu siku hiyo.

Nilidhani angekaa wiki moja. Ikapita miaka mitatu. Yeye ndiye aliyekuwa akila ukoko wa wali nyumbani kwetu, na mpaka leo nikiinamia sufuria nikauona umebaki, nasimama hapo na mwiko mkononi kama mjinga. Nilikuwa na hamu naye hata ya kugombana naye. Nilitaka aje anikasirishe.

Mama hakuwahi kusema ana hamu. Alianza kuandika. Kila neno la ukurasa ule lilipomrudia, akipalilia sukuma wiki au akitoka kupeleka maziwa mtaa wa Loresho, aliliandika kwa Kiswahili kwenye karatasi aliyoificha kabatini. Mwaka wa kwanza alikuwa na manne. Pasaka ya mwaka jana aliniita jikoni akaniwekea karatasi mkononi.

"Yamefika kumi na mawili. Mpelekee."

"Nimpelekee wapi, mami?"

"Si wewe ndiye umesoma? Mtafute."

Basi nikajiunga na jumuiya ya mtandaoni ya watu wa sarafu hizo, ambako zamani alikuwa akishinda kutwa. Huko hakuna anayetumia jina lake. Watu ni picha za paka, za roketi, za miwani. Nilikaa kati yao mwaka mzima nikisoma kila kitu, nikijaribu kumnusa ndugu yangu kwenye maandishi ya watu, bila mafanikio. Nilichopata ni elimu ambayo sikuiomba.

Kisha wakatangaza shindano la maswali ya sarafu, kama yale ya kwenye televisheni. Baadhi wangeketi jukwaani, katika ukumbi ulioko katikati ya jiji, na wengine wangecheza kwa simu popote walipo. Ndugu yangu alikuwa akiijibu televisheni kwa sauti kabla swali halijaisha. Nilijua hawezi kulipita shindano kama hilo. Nikajiandikisha kukaa jukwaani ili, kama yuko mahali anatazama, auone uso wangu. Nilidurusu saa za chakula cha mchana, nikafaulu mchujo.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mimi nilivaa sketi ya ofisini. Mtangazaji alivaa koti linalometameta. "Niaje wasee!" akatusalimu kwa kelele, na ukumbi ukamjibu. Kijana aliyekaa kando yangu aliniuliza kwa heshima, "Auntie, umeleta mtoto wako?" Nilimwondoa raundi ya pili, na sitadanganya, nilifurahi.

Kulikuwa na sharti moja. Mshindi akiwa mtandaoni, lazima afungue kamera ukumbi umwone, wajue ni binadamu wala si programu.

Raundi ya tatu tuliulizwa mahali salama pa kuweka maneno yetu kumi na mawili, kila mtu aandike jibu. Majibu yakajitokeza kwenye skrini kubwa. Mchezaji mmoja wa mtandaoni, mwenye picha ya kuku, alikuwa ameandika: "Popote, bora isiwe Biblia ya mathe."

Ukumbi ulicheka. Mtangazaji alicheka mpaka akashika meza. Mathe ndivyo ndugu yangu alivyomwita mama. Nikamkazia macho yule kuku kama anayeweza kugeuka. Alikuwa ameniona. Alikuwa ameandika vile ili nijue.

Tukaingia fainali wawili, mimi na kuku, tukiwa sare. Swali la mwisho lilihusu jambo nililolisoma mara ishirini, na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nikishinda, ningepewa zawadi, nipigiwe makofi, na kuku azime pamoja na wengine. Nikautoa mkono kwenye kitufe nikauweka mapajani.

"Madam, hii si unaijua!" mtangazaji alinihimiza.

"Sijui," nikasema.

Kuku akajibu, akapata.

Tulingoja kamera. Nilikuwa na hakika atatoroka. Kisha uso ukatokea, umekonda, una ndevu, na nyuma yake pazia ambalo halikuniambia yuko mji gani. Watu walipiga makofi. Yeye hakumtazama mtangazaji hata kidogo.

"Sasa, siz," alisema.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya miaka mitatu. Yote ilipotea. Niliinuka nikaichukua maikrofoni mkononi mwa mtangazaji, nikatoa karatasi kwenye mkoba.

"Mama ameyakumbuka maneno yako," nikasema, nikaanza kusoma. "Ngazi. Ndimu. Mjomba."

Ukumbi ulilipuka. Kwa watu wale, afadhali uvue nguo hadharani kuliko kuyasoma maneno hayo. "Siste, wacha! Utamfanya aibiwe!" Kijana mmoja aliruka mbele kuninyang'anya maikrofoni.

"Muacheni asome," ndugu yangu akasema kutoka kwenye skrini.

Kijana akarudi nyuma. Nikasoma polepole, na yeye akafumba macho. Mbuzi. Kioo. Mvua. Harusi. Nilijua kinachokuja. Maneno haya huchaguliwa kutoka orodha moja tu duniani kote, na orodha hiyo nimeipitia yote. Mbuzi yumo, ngazi imo. Neno la mwisho kwenye karatasi ya mama lilikuwa Yordani, na Yordani haimo. Mama alikuwa amekosa neno moja, akajaza kwa alilonalo. Sikuwahi kuwa na moyo wa kumwambia.

"Yordani," nikasoma.

Ndugu yangu alifumbua macho. Orodha ile anaijua kuliko mimi.

"Ni hayo," alisema, akaisogelea kamera. "Mwambie mathe ni hayo. Ameyapata yote."